Dramu Iliyokuwa Kengele

Watu wa Ambatolampy wakitaka kumsifu Rafidison husema ana sikio. Hawasemi ana mkono, ingawa mkono anao. Mashine yake ya kukereza vyuma ina umri mkubwa kuliko yeye, mkanda wake umeshonwa mara nne, na bado dramu ya breki ikitoka pale huwa laini kama ndani ya bakuli. Lakini sifa yake ni sikio. Ukimpelekea dramu haitazami kwanza. Hupitisha waya kwenye tundu la bolti, akaitundika kwenye boriti, akangoja iache kuyumba, kisha akaigonga mara moja tu kwa nyundo ndogo ya shaba. Dramu nzima hulia kwa muda mrefu, sauti nyembamba inayofifia polepole. Yenye ufa, hata ule usioonekana kwa jicho, husema "tup" kama gogo. Hapo Fidi, kama wanavyomwita, huishusha na kukurudishia, na hakuna kubembelezana.

Kila kazi huiandika kwenye daftari: tarehe, gari, gurudumu la upande gani, kipimo kabla ya kukata na kipimo baada ya kukata. Dramu ina kikomo chake. Ukiila kwa patasi ya mashine zaidi ya milimita moja na nusu, inakuwa nyembamba, inashika joto upesi, na siku ya mteremko mrefu inaweza kupasuka. Fidi hakupata kuvuka kikomo hicho. Ndivyo alivyotaka kuamini. Katika madaftari yake yote kuna mstari mmoja usio na kipimo, ulioandikwa Jumatatu moja ya mwezi wa pili, miaka ishirini na miwili iliyopita: "Naivo. 403. Kushoto mbele." Basi, hakuna zaidi.

Naivo alikuwa mdogo wake. Alikuwa na Peugeot 403 ya kijivu, akibeba maziwa, viazi na watu kati ya Ambatolampy na vijiji vya njia ya Tsinjoarivo. Jumatatu ile alileta dramu iliyochimbika, akataka iwe tayari kabla ya jua kuzama kwa sababu jioni alikuwa na jogoo wa kupiganisha. Fidi aliikata kwa haraka huku mdogo wake akimsimamia mgongoni na kumpigia mluzi. Akaipaka rangi nyekundu ya kuzuia kutu, akaiacha mlangoni ikauke. Naivo mwenyewe ndiye aliyezoea kufunga magurudumu yake. Alfajiri ya siku iliyofuata Fidi alipanda treni kwenda Antsirabe kununua vyuma. Aliporudi jioni aliambiwa kwamba gari limeteremka kilima cha mto Onive, halikusimama, likaingia majini.

Mvua ilifunga barabara wiki sita. Walipofika, gari lilikuwa chali kwenye matope, halina magurudumu, halina viti, limechumwa kama mahindi. Naivo hakuonekana. Chini ya pale mto una maporomoko, na kilichopita pale hakirudi.

Mjini watu walisema dramu ya Fidi ilipasuka. Hawakumwambia usoni, walisema na wakaendelea kumletea kazi. Fidi naye alijisemea hivyo hivyo kila usiku alipofumba macho, akijaribu kukumbuka namba ambayo hakuiandika. Mama yao, Razanamavo, hakusema neno. Ila tangu mwaka ule hakupanda tena gari lolote lililopita mkononi mwa mwanawe. Kanisani alikwenda kwa miguu, sokoni kwa miguu, na alipozidiwa na magoti akaacha kwenda. Wazee walipomshauri asimamishe jiwe la kumbukumbu, kama inavyofanywa kwa aliyepotea bila mwili, alikataa. Alisema mwanawe hakumuaga, kwa hiyo hajaondoka.

Sasa ana miaka themanini na minne. Anaishi juu, kwenye chumba chenye jiko, na Fidi, ambaye mkewe alikwisha kufariki, anafanya kazi chini. Kati yao ni mbao za sakafu tu. Kitu alichokuwa nacho Fidi cha kuomba duniani kilikuwa kimoja: mama asiende kaburini akiamini kwamba mwana mmoja alimuua mwenzake.

Mwaka huu, mwezi wa saba, wakati ukungu unashuka kutoka milima ya Ankaratra na kukaa mitaani hadi saa nne, gari la Hanta lilikuwa limelala karakanani siku kumi na moja. Hanta ni mwalimu mstaafu, mwanamke mnene mwenye mdomo. Marehemu baba yake alimwachia 403 nyeusi, naye huikodisha kwa maharusi. Dramu ya mbele kushoto ilikuwa na ufa kutoka tundu la bolti hadi ukingoni, na Fidi alikwisha kumwambia kwamba ufa hauzibwi, hauchomelewi, hauombewi. Itafutwe nyingine. Jumamosi kulikuwa na harusi.

Hanta alikuja Jumanne, amekumbatia kitu kilichofungwa kwa shuka.

"Hodi, fundi. Nimemletea mgonjwa wako dawa."

"Leo Jumanne, mama Hanta."

Ukoo wa mama yake Fidi una mwiko: Jumanne chuma hakifungwi wala hakifunguliwi. Siku hiyo Fidi hufagia, hupanga vipuri, husoma daftari.

"Najua ni Jumanne, mimi si mgeni hapa. Sijaja ufunge, nimekuja utazame. Au macho nayo yana mwiko?"

Aliiweka juu ya meza ya kazi na kufunua shuka. Ilikuwa dramu ya 403, haina shaka, lakini imepakwa rangi ya buluu juu ya buluu, nene kama ganda, na kwenye tundu moja kulikuwa na kipande cha mnyororo.

"Umeitoa wapi?"

"Kanisani."

"Kanisani?"

"Kile kikanisa cha mtoni, njia ya Tsinjoarivo. Walikuwa wanaigonga kama kengele. Mimi nikawapelekea ile kengele ya shule ya zamani, ya shaba hasa, tukabadilishana. Nilijiandaa kubishana nao mpaka jioni, nimebeba na chakula. Unajua, katekista aliishusha mwenyewe kabla sijamaliza kahawa. Akaniambia, mama, ichukue, na usiitundike nyumbani kwako."

Zafimanana, jirani anayesubu masufuria kwenye kalibu za mchanga, alikuwa amesimama mlangoni, miguu yake mitupu myeusi kwa mchanga wa kazi. Hakuna jambo linalopita mtaa ule bila yeye kulichungulia.

"Kwa hiyo bibi harusi atafungwa breki na kengele ya misa," alisema. "Mume akijaribu kukimbia, gurudumu linamwita arudi."

"Wewe nenda kakanyage mchanga wako."

Zafi aliinyanyua dramu kwa mnyororo na kuigonga kwa kijiko alichokuwa nacho mkononi.

Tup.

Akaigonga tena, kwa nguvu zaidi. Tup. Ilikuwa kama kugonga gunia la mchele.

"Mama Hanta, umebadilisha shaba kwa gogo."

Hanta hakucheka. "Walisema," alijibu. "Walisema Jumanne hailii. Siku nyingine zote inasikika mpaka ng'ambo ya mto, Jumanne hailii. Nikadhani ni maneno ya watu wa shamba."

Zafi alicheka peke yake, kidogo, kisha akairudisha mezani na kujifuta mkono kwenye suruali, mara mbili.

Fidi aliigeuza. Kwenye ukingo, chini ya rangi, kidole chake kilikuta vishimo vitatu vimepangwa kama mafiga. Hakuhitaji kuangalia. Ni alama anayoipiga kwenye kila dramu aliyoikata, na kwenye mto ule, katika miaka yote, dramu yake ya 403 iliyofika ilikuwa moja tu.

"Vipi, fundi? Inafaa?"

"Iache," alisema Fidi. "Kesho nitaisikiliza."

Jumatano ukungu ulikuwa mzito hata alipofungua milango ya karakana mwanga haukuingia. Kilichoingia ni weupe. Aliitoa mnyororo dramu ile, akapitisha waya, akaitundika. Alingoja itulie. Ilichelewa kutulia. Ilizunguka polepole upande mmoja, ikasimama, ikazunguka upande wa pili, kama mtu anayetazama chumba ambacho aliwahi kukaa.

Akaigonga.

Katika miaka thelathini na minne ya kazi Fidi hakuwa amesikia chuma kikilia hivyo. Sauti ilikuwa safi na ndefu. Alihesabu moyoni mpaka arobaini na bado ilikuwepo. Haikuwa na ufa. Akaishika kwa viganja viwili ili inyamaze, akahisi mtetemo ukimpanda mpaka kwenye viwiko. Kisha, ili kulifariji sikio lake, akagonga dramu nyingine ya lori iliyokuwa imening'inia mwisho wa boriti. Ile ya lori ikalia ilivyozoea kulia, ikakoma. Ile ya buluu, ambayo hakuna aliyeigusa, ikaendelea.

Fundi anajua kwamba chuma huweza kuitikia chuma. Boriti ni moja, mtetemo unasafiri. Alijieleza hivyo na akajielewa vizuri. Hata hivyo alirudi nyuma mpaka mgongo wake ukagusa gari la Hanta.

"Fidi," mama aliita kutoka juu, kupitia mbao. "Mdogo wako yupo hapo chini?"

Mama hakuwa amemtaja Naivo kwa miaka, wala kwa jina wala kwa "mdogo wako".

"Hayupo, mama. Ni kazi tu."

"Basi mwambie apande. Wali unapoa."

Alipopanda alikuta mama ameandaa sahani tatu. Wali, majani ya mhogo, na birika la maji yaliyochemshwa na ukoko wa wali, linatoa mvuke. Macho ya mama yamefifia lakini mikono inajua kila kitu kilipo. Ile sahani ya tatu aliisogeza mahali ambapo Naivo alikuwa akikaa, karibu na dirisha, na akaigeuza kijiko kikae kushoto, kwa kuwa Naivo alikuwa wa mkono wa kushoto. Walikula wao wawili. Sahani haikuguswa, na mama hakuonekana kushangaa wala kusikitika. Alikula kama mtu anayemsubiri mwenzake anayenawa mikono.

Mchana Hanta alikuja.

"Imelia?"

"Imelia."

"Sasa mbona gari bado liko juu ya mawe?"

"Sijaipima."

"Hujaipima. Tangu asubuhi." Alimtazama kwa jicho la mwalimu anayekagua kazi ambayo haikufanywa. "Fidi, mimi nimekujua tangu una meno ya utoto. Wewe ukipewa punje ya mchele unaipima. Kuna nini?"

"Kesho."

"Kesho ni Alhamisi. Keshokutwa Ijumaa. Baada ya hapo kuna msichana mwenye gauni jeupe anaangalia barabara. Nimwambie nini, fundi anaogopa rula?"

Ndivyo ilivyokuwa hasa, anaogopa rula. Muda wote dramu ilipokuwa imepotea, namba ile ingeweza kuwa yoyote. Ukiisha kuipima inakuwa moja. Na dramu hii haikuwa imesuguliwa na breki miaka ishirini na miwili. Ilikuwa kengele, imegongwa kwa nje tu. Kipimo alichokiacha yeye Jumatatu ile kilikuwa bado ndani yake, kama alivyokiacha.

Alhamisi asubuhi alinawa mikono kwa sabuni, akasafisha ndani ya dramu kwa mafuta ya taa na kitambaa, akapima. Alipima sehemu tatu. Akafuta kipimio, akapima tena.

Ilikuwa imekatwa milimita moja kasoro kidogo. Ndani ya kikomo.

Alikaa kwenye kigoda. Alitegemea kwamba siku hiyo ikifika angelia, au angecheka, lakini alibaki ameduwaa, maana swali halikwisha, liligeuka tu. Dramu nzima, unene wake mzuri, haina ufa. Sasa kwa nini gari halikusimama?

Akaisogeza karibu na mlango, kwenye weupe wa ukungu, akatazama ndani yake. Patasi ya mashine huacha mistari myembamba inayozunguka, kama mistari ya sahani ya santuri. Breki ikishikwa mara kumi, mistari hiyo inafutika. Kufika Onive kuna vilima visivyopungua ishirini. Mistari yake ilikuwepo yote. Kutu nyepesi imeketi juu yake, lakini ipo, mstari kwa mstari, kama alivyoikata.

Akachukua kisu akaanza kukwangua rangi ya usoni, pale gurudumu linapokaza. Buluu, buluu nyingine, nyeupe, buluu. Chini kabisa ikatokea nyekundu. Gurudumu likikazwa kwenye dramu huacha duara usoni, rangi imesagika mpaka chuma. Hapakuwa na duara. Ile nyekundu aliyoipaka yeye mwenyewe ilikuwa nzima, laini, haijawahi kubanwa na kitu.

Dramu hii haikuwahi kufungwa kwenye gari.

Alimfuata Hanta kwake kwa miguu, bila koti.

"Yule katekista alisema waliipata wapi? Kwenye gurudumu?"

"Gurudumu gani. Kwenye gunia," alisema Hanta. "Maji yalipopungua waliliona gunia limenasa kwenye mizizi, limefungwa kwa kamba. Ndani kuna dramu na spana. Spana anayo hadi leo, anakazia nayo baiskeli. Kwani vipi? Ingia ndani, unatetemeka."

Hakuingia. Alirudi akihesabu, na hesabu ilikuwa fupi. Jumatatu jioni Naivo alikwenda kwenye jogoo wake, hakufunga gurudumu kama Fidi alivyodhani miaka yote. Alfajiri, kabla ya safari, angelifunga. Zilitosha dakika ishirini. Lakini alfajiri hiyo ilikuwa Jumanne. Na katika nyumba ile kulikuwa na mtu mmoja tu ambaye angemwona na jeki mkononi na kumwambia aiweke chini.

Naivo, ambaye hakujali mwiko wowote ila wa mama yake, akaitia dramu kwenye gunia ili aifunge Jumatano huko huko njiani. Akaondoka na ile iliyochimbika.

Fidi alisimama katikati ya barabara. Mkokoteni wa ng'ombe ulimpita, mwenye ng'ombe akamsalimu. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa akiomba siku ya kupanda ngazi ile na kusema: mama, si mimi. Sasa angeweza kupanda na kusema, na neno lake la pili lingekuwa: ni wewe. Mama wa miaka themanini na minne.

Alipofika karakanani alikuwa amekwisha kukata shauri. Ataipiga msasa dramu, ataifunga kwenye gari la Hanta, na hatasema kitu. Watu waendelee kusema walichozoea kusema. Alikuwa amekibeba kile kitu kwa muda mrefu kiasi kwamba mabega yalikuwa yamekubali umbo lake.

Akavuta mlango. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda, katikati ya karakana, amejitanda shuka lake. Hakuwa ameshuka ngazi zile tangu Pasaka. Dramu ilikuwa mapajani mwake.

"Nimeisikia tena," alisema. "Ulipotoka."

"Mama, utaanguka kwenye ngazi hizo."

"Nimeshaanguka huko nyuma." Vidole vyake vilikuwa vinazunguka usoni mwa dramu, pale alipokwangua, juu ya ile nyekundu laini. Vilizunguka, vikarudi, vikazunguka. "Hakuifunga."

Fidi aliuacha mlango wazi, akasogea.

"Alikuwa ameshainua gari," mama alisema. "Pale uani. Nikatoka na ndoo, nikamkuta. Nikamwambia, Naivo, leo siku gani? Akasema, mama, ni nati tano tu. Nikamwambia hata ingekuwa moja. Akacheka, akanibusu hapa." Aligusa paji la uso. "Akaitia kwenye gunia. Kamba nilimpa mimi. Ilikuwa kamba ya kuanikia nguo."

"Mama."

"Niliwasikia watu wakisema ni wewe. Ningeweza kufungua mdomo siku ya kwanza. Ya kwanza ikapita. Ya pili ikawa ngumu zaidi. Halafu ukawa unanitazama mezani kama mbwa aliyekosa, na mimi sikuweza kukaa kwenye gari lako, Fidi, nikae nyuma yako, nione kisogo chako, huku najua. Ukadhani naogopa breki zako."

Fidi alipiga magoti sakafuni, kwenye vumbi la chuma. Hakujua amshike wapi, kwa hiyo akashika dramu, na mikono yao minne ikawa juu yake. Haikutoa sauti. Ilikuwa baridi sana, baridi ya kitu kilichotoka majini wakati huo huo.

"Kila Jumanne ananiita," alisema mama. "Siku nyingine anapita tu. Jumanne anasimama hapo mlangoni na kuniuliza kama sasa anaruhusiwa."

Kisha mama akamsukumia dramu kifuani.

"Leo Alhamisi. Ifunge."

Akaifunga mbele yake. Aliisugua kwa msasa, akaipiga ya kulia patasi nyepesi ili zilingane, akarekebisha vishikio vya breki mpaka gurudumu likakwaruza kidogo, akalegeza kwa unywele mmoja, akatoa hewa kwenye paipu za breki. Mama alikaa pale pale mpaka nati ya mwisho. Alipoisikia imekaza, alitikisa kichwa.

Ijumaa walitoka, maana gari lililofungwa dramu ni lazima lijaribiwe mteremkoni. Mama alisema ni mteremko upi. Hanta alitaka kukataa, maana gari lilikwisha kuoshwa, lakini alipomwona Razanamavo anafungua mlango wa nyuma na kuketi, mguu kwa mguu, kwenye gari lililotengenezwa na Fidi, alifunga mdomo, akaketi mbele.

Ukungu uliwafuata mpaka juu ya kilima cha Onive, na pale, kwa namna isiyo ya kawaida ya mwezi wa saba, ukasimama nyuma yao kama ukuta. Chini mto ulionekana wote. Fidi aliteremka kwa gia ya pili, kisha akaitoa gia, akaliacha gari liende. Hanta alishika dashibodi.

"Fidi."

Upepo ulianza kupiga kwenye vioo. Alihesabu mpaka kumi na mbili, akakanyaga.

Gari lilisimama. Halikuvuta kulia wala kushoto. Lilisimama kama linavyosimama gari lililotengenezwa, hatua sita kabla ya daraja la mbao. Kutoka gurudumu la kushoto ilisikika sauti nyembamba, ndefu, ikafifia.

Mama alishuka peke yake. Alikwenda mpaka ukingoni, akatoa kichupa cha ramu ndani ya shuka, akamwaga kidogo majini na kidogo chini. Fidi alitegemea maneno ya wazee, yale marefu ya kuwaomba waliotangulia. Mama hakuyatumia. Aliita kwa sauti ile ile ya kumwita mtu aje kula.

"Naivo. Ni mama yako. Gari limesimama, baba. Panda twende nyumbani."

Akarudi. Aliingia nyuma, akasogea mpaka upande wa kulia kabisa, akakusanya nguo zake ili zisichukue nafasi. Mlango wa kushoto akauacha wazi. Fidi alikuwa ameshika usukani, anatazama mbele, kwa sababu aliona si vizuri kutazama nyuma. Alizisikia springi kabla ya kuzihisi. Gari liliinama nyuma, upande wa kushoto, polepole, jinsi linavyoinama mtu mzima akikaa.

"Funga mlango, mama Hanta," alisema Razanamavo. "Anasikia baridi."

Hanta alishuka, akazunguka, akaufunga. Uso wake ulikuwa kama majivu, lakini aliufunga taratibu, kwa adabu, kama unavyomfungia mgeni.

Kilima walikipanda kwa gia ya kwanza. Injini, ambayo Fidi aliijua kama anavyojijua, ilivuta uzito wa watu wanne.

Nyumbani Zafimanana alikuwa uani kwake, miguu mchangani. Aliwaona wakisimama, akafungua mdomo wa utani, akaufunga. Mama alijinyoosha akafungua mlango wa kushoto kutoka ndani.

"Tumefika," alisema. "Viatu acha hapo chini."

Springi zikainuka.

Mama alishuka upande wake, akapanda ngazi, hatua moja moja, bila kushikwa. Fidi alimfuata kwa macho tu. Juu alianza kusikika akisogeza sufuria na kuongea kwa sauti ya chini, sauti yenye kituo kati ya neno na neno, na hapakuwa na sababu ya kwenda kuchungulia. Jiwe aliruhusu lisimamishwe mwezi uliofuata. Jumanne ya kwanza baada ya hapo alilala mpaka jua likatoka.

Ijumaa ile Hanta alibaki karibu na gari lake. Alikuwa amechukua kitambaa ili afute vumbi la njiani kabla ya harusi, na alikuwa amesimama mlango wa nyuma, hafuti. Kiti cha kushoto kilikuwa kimelowa, maji ya kahawia yenye harufu ya mto, umbo la mtu aliyekaa.

Alikifuta mpaka kikakauka. Kisha akakunjua shuka jeupe, akalitandika juu yake, akalainisha pembe zake kwa kiganja.

"Bibi harusi," alimwambia Fidi bila kugeuka, "atakaa kulia."